Mtoto Aliyekuwa Anatazama Midomo

Mwanangu tunamwita Babu, kwa sababu kabeba jina la babu yake mzaa baba. Alipotimiza miaka mitatu alikuwa na maneno saba tu. Nayajua yote, maana usiku nilikuwa nayahesabu kama mtu anavyohesabu deni: mama, baba, bibi, embe, mai, mbua na aula. Mai ni maji, mbua ni mvua, aula ni chakula. La nane halikuja. Wenzake pale mtaani walikuwa tayari wanatukanana na kwenda kushtakiana kwa mama zao.

Mimi ni fundi cherehani, Mtwara mjini. Cherehani yangu ni ya miguu, nimeiweka kibandani karibu na soko, na mahali pa Babu palikuwa chini ya meza yake. Anabandika shavu kwenye ubao, nikikanyaga anatulia. Nikiacha, ananipiga mguu nianze tena. Ukimwita hageuki. Ukimtafuta macho hakupi. Vifungo vyangu alikuwa anavipanga kwa rangi, mstari mrefu, na ole wake atakayeuvunja, atang'atwa. Umeme ukikatika usiku, na sisi wa Mtwara umeme wetu tunaujua wenyewe, alipiga mayowe mpaka majirani wanagonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

Kila mtu alikuja na jibu lake. Mama mkwe kutoka Newala alisema ulimi mzito, akatwe udata, kile kijinyama cha chini ya ulimi. Shoga yangu alisema ni simu, ingawa simu yangu wakati ule ilikuwa ya vitufe, hata picha haionyeshi. Mganga mmoja alisema jina ndilo zito, tulibadilishe. Baba yake, dereva wa lori, akirudi safari alikuwa anasema, "Mama Babu, mwache. Hata mimi nilichelewa kuongea." Nikamwuliza mama mkwe. Akacheka, akasema huyo alianza kuomba ugali kabla hajatambaa.

Mwanzoni mwa 2022 tukampeleka kwa mtaalamu mmoja aliyekuja kwa siku mbili tu. Foleni ilikuwa inatoka mpaka nje. Akamwita Babu kwa nyuma mara tatu, kimya. Akaniuliza: anatazama machoni? Anacheza na wenzake? Anapanga vitu? Anakasirika mambo yakibadilika? Nikajibu kweli tupu. Baada ya dakika kama kumi akaandika neno kwenye daftari la kliniki: usonji, ile wanayoiita autism.

Sitaki nimfanye mtu mbaya. Dalili alizoandika zote zilikuwepo. Usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya kichwa. Unatambuliwa kwa kumtazama mtoto na kumhoji mzazi kwa makini. Ninachomdai ni kitu kimoja tu. Alipomwita mara tatu, alijuaje kwamba Babu amemsikia?

Ila na mimi sikuuliza. Nilishukuru kupata jina la kitu. Baada ya hapo jina lile likawa linajibu kila swali ndani ya nyumba. Mbona analalia cherehani? Usonji. Mbona hatazami watu? Usonji. Mbona giza linamtia wazimu? Si unajua watoto wa usonji hawapendi mabadiliko. Miezi mingi ikapita hivyo. Chekechea ya kwanza walimrudisha baada ya siku nne.

Pembeni ya kibanda changu yuko fundi viatu, kijana kiziwi tangu utotoni. Hatukuwa na mazungumzo zaidi ya salamu ya mkono na kuazimana chenji. Juni ile shule zilikuwa zimefungwa, na mitaa ya nyuma zinapigwa ngoma za jando. Babu akatoka chini ya meza, akasimama barabarani, akacheza. Anacheza hasa, mguu hauachi mdundo. Nikamwambia mteja kwa sauti, "Unaona huyu? Halafu kuna watu wananiambia labda hasikii!" Fundi viatu akainuka. Akaonyesha kule ngoma zinakotoka, akajigonga kifua mara mbili: inaingilia hapa. Akamwonyesha Babu, akajionyesha mwenyewe, akagusa sikio lake na kutikisa kichwa.

Huyu ni kama mimi.

Nilimkasirikia sana. Niliona nina usonji mkononi, yeye ananiongezea uziwi. Nilimnyima salamu wiki nzima, na naona aibu kuandika kwamba niliendelea kumkwepa miezi minne. Nilikuwa na ushahidi wangu: Babu anageuka bodaboda ikipita. Anageuka mlango ukibamizwa. Anasema "mama" vizuri kabisa. Kiziwi gani huyo?

Kilichonigeuza ni pakiti ya biskuti. Oktoba, mteja alikaa nyuma ya Babu, hata mkono mmoja haujafika, akafungua pakiti. Mlio ule wa karatasi watoto waliokuwa ng'ambo ya barabara waliusikia, wakaja mbio watatu. Babu hakutikisika. Na biskuti anazipenda kuliko mimi mama yake.

Usiku nikamjaribu. Nikasimama nyuma yake, nikaangusha sufuria: akageuka. Nikatikisa shada la funguo: kimya. Nikafanya "sss" kama mtu anayemfukuza paka: kimya. Nikasema "mama" kwa sauti ya kawaida: akageuka. Nikasema "chips": kimya. Nikazima taa, akaanza kulia, nikaiwasha, akanitazama. Hapo ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza tangu nimzae, kwamba hakuwa anakimbia uso wangu. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu. Yalikuwa hapo siku zote, sentimita chache chini ya pale tulipokuwa tunayatafuta sisi.

Asubuhi nilimgusa bega fundi viatu. Hakujigamba. Alinisogezea kigoda.

Hospitali ya hapa walimtoa nta, wakaangalia ngoma za masikio wakaziona nzima, wakatuandikia rufaa ya Muhimbili. Kuandikiwa ni jambo moja, nauli ni jingine. Tulisubiri korosho za mkwe wangu zipite ghalani, zipigwe mnada, fedha iingie benki. Januari 2023 tukapanda basi. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na Babu alisafiri nusu ya njia kabandika paji la uso kwenye kiti cha mbele, anasikiliza injini kwa mifupa.

Mpimaji alikuwa dada mmoja mpole. Alimvisha vipokea sauti, akamwekea bakuli, akasema mchezo wenyewe ni huu: ukisikia mlio, tia kifungo. Vifungo vilikuwa vyangu, nilivitoa kwenye mkoba, maana vyao vya plastiki Babu alivikataa. Milio mizito ikapigwa. Tak, tak, tak, vifungo vinaingia, na mwenyewe anafurahi. Kisha dada akapandisha, milio myembamba zaidi. Babu akakaa na kifungo mkononi, mkono uko hewani juu ya bakuli, anasubiri. Anamtazama dada mdomoni. Anasubiri. Dada anabonyeza, taa yake inawaka, mwanangu bado kashika kifungo. Nikatazama ukutani.

Wakampima tena akiwa usingizini, nyaya kichwani, ili wahakikishe bila kutegemea mchezo. Majibu yalikuwa yale yale. Daktari alinichorea mstari: unaanzia juu kwenye milio mizito, halafu unaporomoka kama bega la gauni lililokatwa vibaya. Mazungumzo ya kawaida, mkiwa mita moja, yana nguvu ya kama desibeli 60. Kwenye sauti nzito Babu alikuwa anasikia karibu kama wewe. Kwenye nyembamba, ungempigia kelele desibeli 80 asijue.

Halafu akanieleza jambo ambalo sijalisahau, na nadhani kila mwalimu wa chekechea angeambiwa. Irabu zetu, pamoja na m, n na b, nguvu yake iko chini, kwenye sauti nzito. S, sh, f, ch, t na k ziko juu. Sasa chukua Kiswahili, ambamo karibu kila neno linaishia na irabu, uzifute herufi za juu. Shika, fika, sita: vyote vimekuwa "i-a". Chakula kimekuwa "aula". Nikayakumbuka maneno yangu saba ya usiku. Mama, baba, bibi, embe: hayo ndiyo yaliyomfikia yakiwa mazima, na ndiyo aliyoyasema yakiwa mazima. Mengine aliyarudisha kama alivyoyapokea. Hakukosea hata moja.

Chanzo? Babu alizaliwa wiki ya 31, kilo moja na nusu haijatimia. Akapata manjano, akalazwa chini ya taa ya bluu. Akapata maambukizi, akachomwa ampisilini na jentamaisini siku saba. Daktari alisema kuzaliwa kabla ya siku, maambukizi yenyewe, manjano makali na hiyo jentamaisini, kila kimoja kinaweza kuumiza sikio la ndani. Sikio hilo limejikunja kama kombe la konokono, na vinywele vinavyopokea sauti nyembamba viko mlangoni kabisa. Dawa ikidhuru huanza na hivyo. Kipi kilichomdhuru Babu hakuna atakayeniapia. Sindano zile pia ndizo zilizomrudisha duniani, kwa hiyo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba siku tunaruhusiwa hakuna aliyeniambia, "Mama, mtoto wa namna hii mleteni apimwe masikio." Wataalamu wa masikio wana lengo lao: apimwe kabla ya mwezi mmoja, ijulikane kabla ya mitatu, asaidiwe kabla ya sita. Babu alikuwa na miaka minne na miezi miwili.

Tulikaa Dar wiki tatu, na mengi niliyasikia kwenye benchi. Wengi pale tulikuwa tumepewa neno lile lile, na kila mmoja alikuwa na kitu chake. Mama mmoja wa Lindi alikuwa na kijana wa miaka sita anayeganda. Anaongea, ghafla anakatika katikati ya neno, macho yanaganda sekunde kumi hivi, halafu anaendelea. Mara nyingi kwa siku. Shuleni wamesema yuko kwenye dunia yake. Kumbe ni kifafa kisichoangusha wala kutetemesha. Yule mama alinifundisha alichofundishwa: mtoto anayewaza mambo yake ukimgusa anarudi, huyu ukimgusa harudi mpaka kimwachie. Kijana alikuwa kwenye dawa mwezi wa tatu na anaanza kusoma. Palikuwa na binti mwingine, nyumbani anaongea kama redio, shuleni mwaka wa pili hajatoa neno. Huyo ni woga, woga wa kweli unaofunga koo, na kumchapa ndiko kulikomfunga zaidi. Palikuwa na wa maji nyuma ya ngoma ya sikio, leo anasikia kesho hasikii mafua yakimpanda, na mama yake alikuwa anamwita mkaidi. Na kijana aliyetoka Tandahimba, kalelewa na bibi kwa Kimakonde, kahamishiwa Dar kwa shangazi, mwalimu anamwuliza kwa Kiswahili, yeye kimya. Wakamtafutia mtu wa kumwuliza kwa Kimakonde. Akajibu yote na akaomba soda. (Kimakonde hakimpi mtoto ugonjwa. Nasema hivyo kwa sababu kuna nyumba wameacha kuwasemesha watoto lugha ya bibi yao kwa hofu hiyo.)

Kuna kimoja daktari alikisisitiza kuliko vyote: mtoto aliyekuwa anaongea vizuri, kisha maneno yakaanza kumtoka, asisubirishwe nyumbani. Apelekwe mara moja.

Na alitueleza kwamba mkanganyiko huu ni wa tangu zamani. Daktari mmoja, Leo Kanner, alipoandika kule Marekani mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wa usonji, baadhi yao kwanza walidhaniwa viziwi. Kwa hiyo kosa linakwenda pande zote mbili. Na wapo wenye vyote viwili. Ndiyo maana kabla ya kutamka usonji, sikio linapimwa. Na sikio likikutwa na shida, bado mtoto anaangaliwa upya.

Babu aliangaliwa upya baada ya mwaka wa kuvaa shimesikio, vile vifaa vya kukuza sauti masikioni. Hana usonji. Vifungo bado anavipanga kwa rangi. Inaonekana anapenda tu vifungo, kama mama yake.

Watu hupenda nisimulie siku ya kwanza ya shimesikio, wanadhani alilia kwa furaha. Alilia kwa hofu, akavitoa, akavitupa. Tulianza na dakika kumi kwa siku. Mafuta ya kukaangia yalimtisha, wembe wa kinyozi ulimtisha. Siku niliyojua kuna kitu kimefunguka ni siku nilipokuwa nakata kitenge, akaja, akashika mkono wangu wenye mkasi, akautazama mkasi, akaniambia kwa mkono niendelee. Miaka minne alikaa chini ya meza ile. Mtikisiko wa cherehani alikuwa anaujua kama moyo wake, lakini hakuwahi kujua kwamba mkasi una sauti.

Chumvi ya bahari inaviharibu vifaa hivi. Usiku navilaza kwenye kopo lenye vipakiti vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Fundi viatu ndiye anayenitunzia. Betri nazificha, mtoto asije akameza. Vile vipande vinavyoingia sikioni hubadilishwa sikio linapokua, na Mei 2024, barabara ya Dar ilipokatika kule Somanga baada ya mvua za kimbunga Hidaya, kliniki ilitupita na Babu akakaa wiki kadhaa na vipande vinavyopiga filimbi. Mwezi ule lugha ya alama ndiyo iliyotuokoa. Mama mkwe aliogopa alama zingemfanya mvivu wa kuongea. Fundi viatu amemfundisha zaidi ya mia sasa, na maneno ya mdomo hayajapungua, yameongezeka.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma.

Mwaka huo huo niliweka sauti kwenye kundi la wanawake wa kikoba chetu, dakika tano, nikisimulia kwamba Babu aliambiwa usonji kumbe ni masikio. Nilisema kwa furaha. Furaha haina breki. Sauti ikatoka kwenye kundi, ikasambaa, na ilipofika mbali ilikuwa imevishwa maneno mapya juu yake: mtoto wa Mtwara apona usonji. Wakaanza kunipigia. Dawa gani? Mganga gani?

Mmoja hakupiga, alikuja. Mama wa umri wangu, na binti wa miaka saba. Alikuwa amemtoa mtoto kwenye darasa la elimu maalumu alikokuwa ameanza kuzoea, amekopa, amempima masikio. Masikio ni mazima. Akataka kipimo cha pili. Mazima. Akaja kukaa kwenye kigoda changu, akasema, "Dada, wewe ulifanyaje mpaka wakakubali kwamba siyo usonji?"

Binti alikuwa mlangoni, mgongo kwetu. Kule ndani kabisa mdogo wake Babu alikuwa anafungua peremende, kakaratasi kadogo kale. Binti akageuka, akaenda moja kwa moja. Mama yake alikuwa amemwita mara tano bila jibu. Mimi nikajua jibu, na nadhani mama naye alilijua muda mrefu.

Nilimwambia kwamba Babu hakupona kitu. Hakuwa nacho. Nikamwambia sauti yangu ilikuwa na kosa: niliongea kama mtu aliyeponea chupuchupu ajali, kana kwamba wenye watoto wa usonji ndio waliobaki ndani ya gari. Akanyamaza. Akasema, "Kwa hiyo huyu wangu ndiyo huyu." Nikasema ndiyo huyu. Alilia kidogo, akaniomba nimpime binti sare, anarudi darasani Jumatatu.

Nikashona jioni ile ile wakisubiri. Binti hapendi lebo nyuma ya shingo wala mshono unaokwaruza, mama yake akaniambia kwa aibu, kama anayeomba msamaha. Nikageuza mishono yote nje, na lebo sikuweka.

Kabla sijamaliza umeme ukakatika. Binti hakushtuka hata kidogo. Aliendelea na wimbo wake usio na maneno, gizani, ametulia kuliko sote. Babu ndiye aliyeinuka. Nilimsikia anapapasa meza, anatafuta simu. Tochi ikawaka. Akanimulika usoni, siyo machoni, mdomoni.

"Ssema tena," akasema. Ile s huwa anaivuta, kama mtu anayeogopa itamponyoka.